Polisi, zimamoto na gari la wagonjwa: tununue redio za aina moja?

Swali: Shikamoo fundi. Ninaratibu masuala ya maafa katika halmashauri moja hapa mkoani Kilimanjaro. Tukio likitokea, iwe ajali ya barabara kuu au moto sokoni, naona polisi wana redio zao, zimamoto wana zao, hifadhi wana zao, na dereva wa gari la wagonjwa hana kitu zaidi ya simu yake ya mkononi. Mwishowe tunapigiana simu, na mtandao ukizidiwa tunamtuma kijana akimbie. Sasa kuna mfanyabiashara ametuletea ofa ya redio koli 40 za dijitali. Anasema tukizigawa kwa taasisi zote tatizo limekwisha. Ni kweli? Na kama si kweli, tuanzie wapi kwa bajeti yetu ndogo? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole na kazi. Muuzaji wako hajasema uongo. Amekupa ile nusu ya jibu inayouzika. Nusu ya pili haina risiti, ndiyo maana hakuna anayeitembeza ofisini kwako.

Nianze na mfano wa mbali, kwa sababu wenyewe waliuchunguza hadharani mpaka mwisho. Usiku wa tarehe 22 Mei 2017 bomu lililipuka Manchester Arena, Uingereza, watu wakitoka kwenye tamasha. Watu 22 waliuawa. Polisi, zimamoto na huduma ya wagonjwa wa mji ule wote walikuwa kwenye mtandao mmoja wa redio, Airwave, unaotumia mfumo wa TETRA. Mtandao huo umeenea nchi nzima. Yaani kile anachokuahidi mfanyabiashara wako, wao walikuwa nacho siku nyingi. Hata kundi la mazungumzo la kuunganisha vyumba vya mawasiliano vya taasisi hizo lilikuwepo tayari, na usiku ule halikutumika. Afisa wa zamu wa polisi alizidiwa na simu na maamuzi. Zimamoto wakaambiana wakutanie kwenye kituo kilicho kilometa kama tano kutoka ukumbini, na hata wale wa kituo cha jirani kabisa wakaamriwa kwenda huko, wakaupa mgongo ukumbi uliokuwa na majeruhi. Walifika eneo la tukio zaidi ya saa mbili baada ya mlipuko.

New York, tarehe 11 Septemba 2001, ilikuwa kinyume chake: pale vyombo vyenyewe vilikuwa vimetengana. Jengo la kusini kati ya yale mawili marefu ya World Trade Center yaliyogongwa na ndege lilipoanguka, marubani wa helikopta za polisi walikuwa wanaliona la kaskazini kutoka angani na kutoa taarifa ya hali yake. Taarifa zikapita kwenye redio za polisi. Zimamoto waliokuwa ngazini ndani ya jengo hilo hawakuwa kwenye chaneli hiyo. Siku ile walikufa zimamoto 343. Hata hivyo, tume iliyochunguza, katika ripoti yake ya 2004, ilisema ubovu wa redio za zimamoto ulichangia lakini haukuwa sababu kuu ya vifo vyao vingi katika jengo la kaskazini. Watu wengi wa biashara yetu wanaipenda nusu ya kwanza ya habari hii na kuisahau ya pili.

Kwa hiyo jibu fupi: hapana, redio 40 za aina moja hazitamaliza tatizo, na mkizigawa kabla ya kukubaliana mnaweza kuliongeza. Jibu refu ndilo hili, na nitakaa zaidi pale ambapo nimeona watu wakiumia.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na taasisi mbili, nisizitaje, baada ya ajali ya usiku kwenye barabara kuu upande wa Kikatiti. Kila moja ilikuwa na redio za VHF, yaani za kundi moja la masafa. Wakubwa wao walikuwa wamekubaliana kwa maandishi, na mihuri, kutumia masafa mamoja. Usiku ule wakasimama pande mbili za lori lililolala, kama mita hamsini, kila mmoja akiita na hakuna anayejibiwa. Mmoja aliniambia alimwona mwenzake kwenye mwanga wa taa za gari akiinua redio mdomoni, na spika yake mwenyewe ikabaki kimya. Asubuhi nilipozichomeka kwenye kompyuta nilikuta tatizo ni toni. Toni ni mlio wa chini sana unaosafiri pamoja na sauti, na redio iliyowekewa toni haifungui spika mpaka iusikie huo mlio wake. Kundi moja liliwekewa 88.5, jingine 123.0, kila fundi ile aliyoizoea. Masafa yalikuwa sawa, toni mbalimbali. Kuzirekebisha kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Halafu likaibuka la pili. Redio za upande mmoja zilipangwa upana wa chaneli wa kHz 25, za upande wa pili kHz 12.5. Hapo mnasikiana, lakini sauti ya mmoja inatoka imefifia na ya mwenzake inatoka imepasuka. Mtu akiwa na wasiwasi, pembeni jenereta inanguruma, hiyo ni sawa na kutosikia.

Nakueleza haya ili ujue kwamba maneno "wote tuna VHF" hayatoshi. Ili redio mbili zisikilizane, vitu kadhaa lazima vilingane, na kimoja kikikosekana vingine havina faida. Kwanza bendi, yaani kundi la masafa. VHF ya taasisi iko kati ya MHz 136 na 174, UHF iko juu ya 400, na redio ya bendi moja haiwezi kabisa kuisikia nyingine. Ukitaka kukisia bila kufungua chochote, tazama antena: robo ya wimbi la MHz 150 ni sentimeta 50, ya MHz 450 ni kama 17. Antena za mkononi hukunjwa ndani ili zifupike, lakini ya VHF bado kwa kawaida ndiyo ndefu au nene zaidi. Baada ya bendi unakuja mtindo wa kutuma sauti, analogi au dijitali. Kisha upana, kisha toni. Na kama kuna usimbaji wa siri, ufunguo.

Kwenye dijitali ndipo penye mtego wa ofa yako. "Dijitali" si lugha moja. DMR hugawa chaneli ya kHz 12.5 katika zamu mbili. TETRA hugawa kHz 25 katika zamu nne. Wamarekani wana P25 yao. Hizo tatu hazielewani hata kidogo, japo zote ni dijitali na zote ni viwango vinavyotambulika duniani. Na ndani ya DMR yenyewe, redio mbili za kiwanda kimoja, zilizotoka kwenye boksi moja, hazitasikilizana kama namba ya rangi, zamu na kundi la mazungumzo havikupangwa sawa. Umeona ilivyo? Ni yale yale ya toni, ila milango imeongezeka.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mauzo hawalitaji. Dijitali hukata kelele ndogo na kuisafisha sauti mpaka ukingo wa eneo, kisha hukatika ghafla kama maji ya bomba. Analogi hufifia polepole, ukasikia mkwaruzo ukajua unatoka nje ya eneo, ukarudi hatua mbili. Ndiyo sababu zimamoto wa nchi nyingi zenye mitandao mikubwa ya kisasa bado hutumia analogi ya moja kwa moja, bila mnara, pale mbele ya moto. Nami naungana nao. Kwa mtu aliye ndani ya jengo lenye moshi, mkwaruzo ni habari.

Sasa tuje kwenye ardhi yetu, maana redio haijui mipaka ya wilaya, inajua vilima. Redio ya mkononi ya wati tano kwa mtu aliyesimama, ikiongea na ya mwenzake kwenye uwanda usio na kizuizi, upeo wake ni kilometa kumi hivi kwa hesabu ya mkunjo wa dunia. Mjini, kati ya nyumba na miti, punguza sana. Mkiweka ripita, yaani mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena, juu ya kilima kilichoinuka mita 300 kuliko eneo mnalolihudumia, hesabu hiyo hiyo inakupeleka kwenye kilometa sabini na kitu. Ndiyo maana kila mtu anataka kilima. Lakini mtu aliye Ngare Nanyuki yuko nyuma ya Meru ukimtazama kutoka Arusha mjini, na mtu aliye njia ya Rongai ana Kilimanjaro nzima kati yake na wewe uliye Moshi. Hakuna chapa ya redio inayotoboa mlima. Kwa hiyo kabla hujauliza "tutumie redio gani", uliza "ripita ni ya nani, iko wapi, na je, mwenye nayo yuko tayari kutupa chaneli moja?" Mara nyingi taasisi moja tayari ina eneo zuri mlimani na nyingine ina pesa ya kujenga jipya pembeni yake. Nimeona milingoti miwili inayoangaliana, kila mmoja na jenereta yake, na wenyewe hawajawahi kuongea.

Mlimani kuna jambo linalosahaulika kila mara, nalo ni helikopta. Ndege huongea kwenye bendi ya MHz 118 hadi 137, na kwa AM, siyo FM. Askari wa hifadhi au mwongoza watalii aliye na redio nzuri kabisa ya FM hawezi kumwambia rubani kwamba upepo umegeuka, hata kama anaiona helikopta inashuka kichwani kwake. Lazima mpange mapema, kwa kibali, nani atakuwa na redio ya bendi ya ndege, au helikopta ibebe redio yenu ya mkononi. Ni jambo la dakika tano mezani, na ni jambo lisilowezekana mgonjwa akiwa ameshalala kwenye machela.

Umeuliza kama upo mtambo wa kuunganisha redio zilizo tofauti. Hukuuliza kwa maneno hayo, lakini najua muuzaji wa pili atakuja nao. Upo. Mmoja unaojulikana sana kutoka Marekani ni ACU-1000, unaounganisha hadi mitandao 12: unaweka redio moja ya kila taasisi, mtambo unachukua sauti ya huku na kuitoa kule. Unafanya kazi, nami nimefurahi nao. Lakini unataka opareta anayeujua, aliyeufungua wiki iliyopita na siyo mwaka juzi. Kila sauti inayopita humo huchelewa kidogo, kwa hiyo mtu asiyezoea hubonyeza na kusema papo hapo, na neno lake la kwanza humezwa. "Msiingie, gesi inavuja" ikafika "gesi inavuja". Wafundishe watu wako wabonyeze, wahesabu moja kimoyomoyo, ndipo waseme. Na kama watu wawili, bila kuambiana, wameunganisha mitandao ile ile kwenye mitambo miwili, redio huanza kuitana zenyewe mpaka mtu akatae na kuchomoa waya.

Upo pia unganisho wa bei ya chini kabisa, nao ni mtu mwenye redio mbili. Anasimama kati ya viongozi, kushoto redio ya polisi, kulia ya zimamoto, na daftari. Usiucheke. Mahali ambapo hakuna kingine, huyo ndiye mtambo. Ninachokuomba ni kwamba awe amechaguliwa kabla, kwa cheo, na kazi yake iwe hiyo tu. Asitumwe kuleta maji.

Kuhusu simu zinazotumiwa kama redio, zile za kubonyeza na kuongea kupitia mtandao wa simu: ni nzuri kwa siku za kawaida, na dereva wa gari la wagonjwa anayetoka Same kuja hospitali ya KCMC atasikika njia nzima penye mnara. Tangu Agosti 2022 hata Horombo, mita 3,720 juu, kuna intaneti. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba mtandao ukizidiwa mnamtuma kijana. Kifaa kinachotegemea mtandao ule ule unaozidiwa hakitakuokoa siku ile ile. Kiwe cha pili.

Nirudi kwenye Manchester, maana ndipo lilipo tatizo lako halisi. Chaneli moja ya redio ni kama kinjia chembamba cha porini: anapita mmoja mmoja. Wawili wakibonyeza pamoja kwenye FM, mwenye nguvu zaidi ndiye anayesikika, na mwingine anadhani amesikika kumbe amezama. Ukiwaweka watu 40 wa taasisi nne kwenye chaneli moja siku ya ajali ya basi, hujawaunganisha, umewanyamazisha. Watu wa gari la zimamoto wabaki kwenye chaneli yao, polisi wa kuongoza magari wabaki kwenye yao. Wanaohitaji chaneli ya pamoja ni wachache: kiongozi mmoja wa kila taasisi aliye eneo la tukio, na vyumba vyao vya mawasiliano. Watu wanane, pengine kumi. Na hao viongozi wakiweza kusimama mahali pamoja, wasimame, wazime hata hiyo redio ya pamoja na waongee.

Vyumba vya mawasiliano navyo visisahaulike. Mwananchi wa Pasua akiona moto atapiga 114 ya zimamoto au 112 ya polisi, ile inayomjia kichwani. Kama aliyepokea 112 hana njia ya moja kwa moja ya kumwambia wa 114, mmeshachelewa kabla redio yoyote ya mkononi haijawashwa. Unganisha vyumba hivyo kwanza. Hata laini ya simu ya mezani isiyotumika kwa kitu kingine ni mwanzo mzuri.

Halafu lugha. Huku nina uchungu kidogo, nivumilie.

Madereva wa utalii hapa Arusha wana redio kwenye magari yao, na ukiwasikiliza wakiwa hifadhini utamsikia mmoja akimwambia mwenzake kuna "masharubu" mahali fulani. Ni simba. Wanaficha ili mgeni asiyejua Kiswahili vizuri asishtuke kwenye kiti akaanza kudai apelekwe. Kati yao inafanya kazi vizuri sana. Mpe redio hiyo askari wa zimamoto aliyehamishiwa Arusha juzi kutoka Mtwara uone. Kila taasisi ina masharubu yake: namba za siri, vifupisho, majina ya utani ya vituo. Wamarekani walilazimika kulikabili hili, na tangu 2006 serikali yao ya shirikisho iliifanya lugha ya kawaida kuwa sharti la ruzuku kwa matukio yanayohusisha taasisi nyingi. Sisi tuna bahati, lugha moja tunayo tayari. Basi kwenye chaneli ya pamoja semeni Kiswahili kinachoeleweka na bibi yako.

Ila Kiswahili nacho kina mitego yake. Saa. "Walikwama tangu saa nane" ni saa nane ipi? Polisi anayeandika kumbukumbu kwa mtindo wa saa 24 ataandika 08:00 kama hakuwa makini, kumbe mwanakijiji alimaanisha mchana au usiku wa manane. Kubalianeni: kwenye redio ya pamoja saa hutajwa kwa Kiswahili pamoja na wakati wake, "saa nane mchana", na anayeandika ndiye anayebadilisha, siyo anayesema. Namba zitajwe tarakimu moja moja.

Majina ya mahali ni hatari kuliko saa. Kaloleni ipo Arusha na Kaloleni ipo Moshi. Majengo vilevile. Njia panda ni njia panda yoyote, na Njia Panda ni ile ya Himo. Maadamu kila mkoa una chaneli yake, hakuna shida. Siku mkiunganisha chaneli za Arusha na Kilimanjaro, tuseme kwa tukio la uwanja wa ndege wa KIA ulio katikati, mtu akiita "moto Kaloleni" magari yataondoka miji miwili. Andika orodha ya majina yanayojirudia, karatasi moja, ibandike kwenye kila chumba cha mawasiliano. Wewe ni mwenyeji, utaiandika jioni moja.

Bila shaka mtu wa usalama atakuuliza kuhusu siri. Ana haki. Chaneli ya pamoja ya analogi inasikika kwa yeyote mwenye kipokezi. Jibu ni kwamba humo hayatajwi mambo ya upelelezi wala majina ya majeruhi. Yanatajwa barabara, hatari, idadi, mahali pa kukutania. Ya siri yabaki kwenye chaneli za wenyewe. Mkisema kila kitu kifungwe kwa usimbaji, basi kila taasisi lazima ipewe ufunguo ule ule, na redio moja isiyobadilishiwa ufunguo huwa kiziwi usiku wa tukio. Na kufunga si dawa ya kila kitu: mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba TEA1, mojawapo ya njia za usimbaji za TETRA, ufunguo wake kwa kweli ulipunguzwa nguvu hadi biti 32, kitu ambacho kompyuta ya kawaida inaweza kukivunja.

Sasa uanzie wapi. Chukua daftari uende kwenye kila taasisi, siyo kwa barua, kwa miguu. Andika wana redio ngapi zinazowaka (siyo ngapi zipo), bendi gani, nani anaziprogramu, betri zina umri gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema "ndiyo, wekeni chaneli hiyo kwenye redio zetu". Hilo la mwisho ndilo litakalokutesa, kwa sababu mara nyingi jibu liko Dodoma au Dar es Salaam. Kwa hiyo lipeleke kwenye kamati ya maafa ili barua itoke juu kwenda juu. Wewe ukimbembeleza fundi wa zamu atakuwekea kwa urafiki, akihamishwa inafutwa.

Ombeni chaneli mbili tu: moja ya moja kwa moja bila ripita kwa ajili ya eneo la tukio, na moja ya kupitia ripita kwa ajili ya viongozi na vyumba vya mawasiliano. Analogi, upana wa kHz 12.5, toni moja iliyoandikwa kwenye karatasi inayojulikana na wote. Masafa ni ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kwa hiyo msichukue masafa ya taasisi moja na kuyagawa kwa wengine kienyeji, hata kama mwenye nayo amekubali kwa mdomo. Taasisi iliyo UHF peke yake ndiyo mnunulie redio chache za VHF kwa ajili ya viongozi wake. Gari la wagonjwa lipate redio ya kufungwa ndani ya gari, yenye antena juu ya paa. Ya mkononi itaishia kwenye droo ya dereva.

Kisha andikeni nani anaifungua chaneli. Mimi napendekeza kiongozi wa kwanza kufika, wa taasisi yoyote, aiite kwa jina la taasisi na tukio: "Polisi wa kwanza, ajali Bomang'ombe, nipo chaneli ya pamoja." Asisubiri ruhusa. Wengine wakifika waingie hapo hapo. Na kila wiki, siku na saa ile ile, chumba kimoja kiite majina na kila mmoja ajibu, dakika tano zimekwisha. Wiki ya tatu utajua betri za nani zimekufa.

Mazoezi msiyatafutie fedha mpya. KIA, kama viwanja vingine vya kimataifa, hutakiwa kufanya zoezi kamili la dharura angalau kila baada ya miaka miwili. Ombeni chaneli yenu itumike humo. Na kila mwaka mna Kilimanjaro Marathon hapo hapo Moshi: barabara zimefungwa, polisi wapo, magari ya wagonjwa yapo, watu wanazimia kwa jua, na hakuna anayekufa kwa sababu chaneli imegoma mara moja. Siku kama hiyo inafundisha kuliko semina ya siku tatu hotelini. Arusha nako AFCON ya 2027 inakuja na mashabiki wake. Wenzenu huku watahitaji hayo hayo, waiteni mapema.

Na ile ofa ya redio 40? Mwambie asubiri, kwa adabu. Akirudi, muulize kama redio zake zinafanya kazi analogi na dijitali kwa pamoja, maana DMR nyingi zinaweza, na kama hawezi kukuhakikishia hilo mwache anywe chai yake arudi kwao. Muulize programu ya kompyuta na waya wa kuziprogramu vitabaki mikononi mwenu au mtamwita kila mkitaka kubadili toni. Muulize bei ya betri ya ziada na chaja ya gari, kisha zidisha. Halafu muombe mbili za kujaribu, uende nazo wewe mwenyewe, moja Marangu getini na moja stendi ya Moshi, muitane. Ukimaliza kujaribu niandikie umesikia nini, hata kama ni mkwaruzo tu.